Mpira au poliyurithani? Namna ya kuchagua bushi za gari la kale

Wenye magari ya kale hutumia fedha nyingi kupaka rangi na kung'arisha vyuma, ilhali usalama wa safari yao hutegemea vipande vidogo visivyoonekana na mpita njia. Makala haya yanaeleza bushi ni kitu gani, hutengenezwa kwa mali ghafi zipi, na ni mambo gani ya kuzingatia pale bushi za asili zinapokwisha.

Leo tunaingia uvunguni mwa gari la kale. Hatutazungumzia injini wala rangi, bali bushi, yaani vile vipande vya duara vinavyokaa baina ya chuma na chuma katika mfumo unaobeba gari, mfumo ambao mafundi wengi huuita sasipensheni.

Huenda ukauliza, kuna haja gani ya kujadili kipande kinachoenea kiganjani? Haja ipo. Nchini Uingereza, tangu tarehe 20 Mei mwaka 2018, magari mengi yaliyotimiza umri wa miaka 40, na ambayo hayakufanyiwa mabadiliko makubwa, hayalazimiki tena kupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi wa usalama ujulikanao kama MOT. Msamaha huo uliwafurahisha wengi. Walakini, sheria haikumwondolea mwenye gari wajibu wa kuhakikisha kwamba gari lake li salama barabarani. Katika ukaguzi ule, mtaalamu alikuwa akilichungulia gari kwa chini na kutikisa viungo vyake ili kuona iwapo vimelegea. Gari lisilopelekwa halina tena jicho hilo. Jicho lililobaki ni la mwenye gari mwenyewe, na ili lione, ni lazima kwanza lijue linatafuta nini.

Bushi ni nini, na hufanya kazi gani?

Gurudumu la gari haliwi limefungwa moja kwa moja kwenye fremu, ambayo mafundi huiita chasisi. Hushikwa na mikono ya chuma, au na springi, ambazo huruhusu gurudumu kupanda na kushuka linapokutana na shimo au tuta. Pale mkono huo unapoungana na chasisi panahitajika kiungo kinachoruhusu mzunguko mdogo, lakini kisichoruhusu mkono kuyumba huku na huko. Kiungo hicho ndicho bushi.

Bushi ya kawaida ya mpira ina sehemu tatu: bomba la nje la chuma, bomba la ndani la chuma, na mpira uliogandishwa baina ya mabomba hayo mawili. Bolti hupita katika bomba la ndani na kulibana kabisa, kiasi kwamba bomba hilo halizunguki. Bomba la nje nalo huwa limekazwa ndani ya jicho la springi au ndani ya mkono. Sasa basi, ikiwa bomba la ndani halizunguki na la nje halizunguki, mkono unawezaje kupanda na kushuka? Jibu ni kwamba mpira wenyewe ndio unaojipinda. Hakuna chuma kinachosuguana na chuma, hakuna grisi inayohitajika, na mtikisiko wa barabara humezwa kabla haujafika kwenye kiti cha dereva. Mafundi wanaotumia Kifaransa huiita bushi ya namna hii silent-bloc, na jina lenyewe limebeba neno ukimya.

Ni muhimu kulishika jambo hili, kwani maamuzi yote tutakayoyajadili yanatokana nalo. Bushi ya mpira hujipinda. Bushi za mali ghafi nyingine, kama tutakavyoona, huteleza. Hizo ni kazi mbili tofauti, na anayebadilisha moja kwa nyingine hubadilisha tabia ya gari zima.

Dalili za bushi iliyokwisha

Bushi haifi kwa ghafla. Hufa polepole, na dereva huizoea hali hiyo bila kujua. Dalili ya kwanza aghalabu huwa ni mlio wa kugonga gari linapopita juu ya mashimo madogo kwa mwendo wa taratibu. Dalili ya pili ni gari kuvuta upande mmoja breki zinapokanyagwa, kwa kuwa mkono wa gurudumu unarudi nyuma upande mmoja zaidi ya mwingine. Dalili ya tatu ni usukani kuwa mlegevu, na gari kutangatanga kwenye barabara kuu. Ya nne ni tairi kuliwa upande wa ndani au wa nje pekee.

Ukiingia uvunguni, tazama iwapo bomba la ndani liko katikati ya mpira. Likiwa limehamia upande mmoja, mpira umechoka. Tazama pia iwapo kuna vumbi la kutu lenye rangi ya machungwa kuzunguka bushi, kwani hilo huashiria kwamba chuma kimeanza kusuguana na chuma. Nyufa ndogo za juu juu kwenye mpira si lazima ziwe hukumu ya kifo, kwa sababu mpira uliokaa hewani hupasuka ngozi kabla ya kuharibika ndani. Hatari halisi ni pale mpira unapobanduka kutoka kwenye chuma chake. Chomeka nondo fupi, usukume kwa nguvu ya wastani. Ikiwa mkono unacheza waziwazi, bushi hiyo imemaliza muda wake.

Mpira: mali ghafi ya kwanza

Mpira wa asili hutoka kwenye utomvu wa mti. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huacha kunata na hubaki na uwezo wa kunyumbuka. Bila ugunduzi huo kusingekuwa na tairi tuzijuazo, wala bushi.

Kwa kazi ya bushi, mpira wa asili una sifa ambazo hadi leo ni vigumu kuzipata kwingine. Huweza kujipinda mamilioni ya mara bila kuchanika. Hushikamana vyema na chuma. Aidha humeza mtikisiko wa kila upande: wa kupanda na kushuka, wa mbele na nyuma, na hata wa kujinyonga. Ndiyo maana viwanda vingi vya magari vingali vinautumia kwa magari mapya.

Walakini mpira una maadui. Adui wa kwanza ni mafuta. Gari la kale ambalo injini yake inavuja huzilowesha bushi zilizo chini yake, nazo huvimba na kuwa laini kama ugali uliozidiwa na maji. Adui wa pili ni hewa ya ozoni pamoja na mwanga wa jua, ambavyo huupasua mpira kwa nje. Adui wa tatu ni joto la muda mrefu. Na adui wa nne, ambaye wengi humsahau, ni umri.

Hapa pana mtego unaowanasa wapenzi wengi wa magari ya kale. Mtu hupata bushi halisi za kiwandani, zikiwa bado kwenye boksi lake la miaka 40 iliyopita, hazijawahi kutumika. Hufurahi kwa kudhani amepata lulu. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa kabatini, kwani hewa huendelea kuushambulia. Taa au kitasa kilichokaa kwenye boksi miaka 40 kinaweza kuwa hazina, bali bushi ya mpira ya umri huo ni mzee aliyevaa nguo mpya. Bora kununua mpira uliotengenezwa karibuni na kiwanda chenye sifa, na, pale inapowezekana, kuuliza mwaka wa kutengenezwa. Vilevile jihadhari na bushi za bei ya chini mno. Mpira uliochanganywa vibaya unaweza kupasuka mapema mno, na gharama ya kulifungua gari upya huzidi kwa mbali bei ya bushi yenyewe.

Poliyurithani: mgeni aliyekuwa mwenyeji

Mali ghafi ya pili ni poliyurithani, aina ya plastiki inayonyumbuka. Kemia yake ilianzia Ujerumani, katika mji wa Leverkusen, mwaka 1937, chini ya mtaalamu Otto Bayer na wenzake. Leo hutumika katika magodoro, soli za viatu, magurudumu ya vitoroli, na bushi za magari, ambazo mara nyingi huuzwa zikiwa na rangi za kuvutia kama nyekundu, buluu, njano au zambarau. Rangi hizo hazina maana moja inayokubalika na viwanda vyote. Nyekundu ya kiwanda kimoja yaweza kuwa laini, na ya kiwanda kingine ikawa ngumu. Cha kuuliza ni ugumu, ambao hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Bushi nyingi za mpira huwa baina ya 50 na 70, ilhali za poliyurithani kwa kawaida huwa baina ya 70 na 95. Kadiri namba inavyopanda ndivyo ugumu unavyozidi.

Faida zake ni za kweli. Poliyurithani hustahimili mafuta na ozoni kuliko mpira wa asili. Hulishika gurudumu mahali pake kwa uthabiti, hivyo usukani hujibu upesi. Zaidi ya hayo, mara nyingi huja katika vipande viwili vinavyoingizwa kwa mkono, bila mashine ya kukandamiza. Kwa mtu anayetengeneza gari lake mwenyewe uani, hiyo si faida ndogo.

Hasara zake nazo ni za kweli. Kwanza, poliyurithani kwa kawaida haigandishwi kwenye chuma, bali huteleza juu ya bomba la ndani. Kwa hiyo huhitaji grisi maalumu ya silikoni, ambayo kwa kawaida hutolewa pamoja na bushi. Grisi ikiisha, gari huanza kulia kama kitanda cha kamba kila linapopita juu ya tuta. Pili, mtikisiko wa barabara hupenya zaidi hadi ndani ya gari. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, nguvu ambayo mpira laini ulikuwa ukiimeza haipotei. Huhama. Hupita kwenye bushi ngumu na kuishia kwenye chasisi. Ikiwa chasisi hiyo imeliwa na kutu kwa miaka 50, nyufa huanza pale mkono unapofungwa. Mwenye gari hudhani ameliimarisha gari lake, kumbe amehamisha udhaifu kutoka mahali pa bei nafuu na kuupeleka mahali pa bei ghali.

Nne, bushi ngumu haifai kila kiungo. Vipo viungo vinavyozunguka katika mhimili mmoja tu, mfano wa bawaba ya mlango. Hivyo huikubali poliyurithani bila tabu. Lakini vipo viungo vinavyotakiwa kuzunguka, kuinama na kujinyonga kwa pamoja, hususan mikono mirefu inayoshika ekseli ya nyuma. Huko mpira hukubali kila upande, ilhali poliyurithani hugoma. Kiungo kinachogoma hukwamisha ekseli, na baada ya muda huvunja bushi, bolti, au pahala pa kufungia.

Nailoni, asetali na bronzi

Zipo pia mali ghafi ngumu zaidi. Nailoni hutumiwa katika baadhi ya magari ya mashindano. Kasoro yake ni kwamba hunywa maji na kuvimba, hivyo kiungo kilichokuwa kikizunguka vyema wakati wa kiangazi huweza kukaza wakati wa masika. Plastiki iitwayo asetali hunywa maji kidogo zaidi, na hubaki na vipimo vyake. Zote mbili hazimezi mtikisiko kwa kiwango cha kutajika. Kwa gari linalokimbia kwenye uwanja laini wa mashindano, hilo halina shida. Kwa gari la kwendea harusini au sokoni, ni adhabu.

Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ilitumika katika magari mengi ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ikipigwa grisi kwa wakati hudumu miaka mingi, na ikisahauliwa hujila yenyewe. Ikiwa gari lako liliundwa kwa bronzi, hakuna sababu ya kuikimbia. Kinachohitajika ni bomba la kupigia grisi na nidhamu ya kulitumia.

Mfano wa kwanza: Land Rover

Ili kuona kanuni hizi zinavyofanya kazi, tuchukue magari mawili ya Kiingereza. La kwanza ni Land Rover, lililozinduliwa mjini Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948, na ambalo matoleo yake ya Series I, II na III yaliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Ni gari linalojulikana kuanzia Serengeti hadi jangwa la Oman, na leo linatunzwa kwa mapenzi makubwa katika mashamba na mitaa ya Uingereza.

Land Rover hizo hubebwa na springi nne za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kila springi ina jicho kila ncha, na kila jicho lina bushi. Ncha moja hufungwa moja kwa moja kwenye chasisi. Ncha ya pili hufungwa kwa viungo vinavyobembea, kwa kuwa springi hurefuka inapobanwa, na viungo hivyo navyo vina bushi yake ndani ya chasisi. Jumla ni bushi 12: nane katika springi na nne katika chasisi.

Bushi za asili ni za mpira na mabomba mawili ya chuma, na adui yake mkubwa huko Ulaya si jua bali chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Bomba la nje hushikana na chasisi kwa kutu hadi vikawa kama kitu kimoja. Kuzitoa bushi nne za chasisi ndiko kunakowatesa wengi.

Kwa gari hili, mpira mpya wa kiwango kizuri ni chaguo la busara kwa mtu anayelitumia kwa safari za kawaida. Springi za vyuma bapa ni ngumu zenyewe, na laini pekee iliyobaki ni ile ya bushi. Ukiiondoa, utaijua kila kokoto iliyo barabarani. Poliyurithani ya ugumu wa wastani yaweza kuzingatiwa na mtu anayepita kwenye matope na mafuta mara kwa mara, au asiye na mashine ya kukandamiza, kwa sharti kwamba chasisi yake imekaguliwa na kuthibitika kuwa nzima, na kwamba yuko tayari kufungua na kupaka grisi upya pale kelele zinapoanza.

Mfano wa pili: MGB

Gari la pili ni MGB, gari dogo la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi 1980. Zaidi ya nusu milioni ziliundwa, na nyingi zilipelekwa Marekani. Hapa mambo ni tofauti. Gurudumu la mbele hushikwa kwa chini na mikono miwili ya chuma, na kila mkono una bushi ya mpira ya vipande viwili katika ncha yake ya ndani. Bushi hizo ni laini, na hulalamikiwa kwa kuisha mapema.

Kati ya mwaka 1973 na 1976, kiwanda hichohicho kilitoa toleo lenye injini kubwa zaidi, MGB GT V8. Kwa toleo hilo wahandisi hawakukimbilia plastiki. Waliunda bushi ya kipande kimoja, yenye mpira uliogandishwa ndani ya bomba la chuma. Bushi hiyo huingia katika mikono ya MGB ya kawaida, na kwa miaka mingi imekuwa chaguo mashuhuri miongoni mwa wenye magari hayo. Hulifanya gurudumu litulie zaidi bila kuleta kelele, na ni sehemu ya historia ya gari lenyewe.

Funzo hapa ni kubwa kuliko MGB. Kabla ya kununua mali ghafi ngeni, chunguza iwapo kiwanda chenyewe kilipata kutengeneza bushi bora kwa toleo zito zaidi la gari lako. Mara nyingine jibu la tatizo la miaka 50 lilikwisha kutolewa na walewale waliolisababisha.

Jua la Ghuba na unyevu wa pwani

Kwa msikilizaji aliyeko Oman au nchi nyingine za Ghuba, hesabu hubadilika kidogo. Joto kali na jua la mwaka mzima huuzeesha mpira, hasa gari linaposimama muda mrefu bila kutumika. Kuliegesha kivulini ni dawa rahisi kuliko zote. Wengi hudhani kwamba poliyurithani ndiyo suluhisho lisilo na kasoro huko, lakini nayo ina familia mbili. Ile inayotokana na poliesta hushambuliwa na mchanganyiko wa joto na unyevu, ambao huvunja minyororo ya kikemia hadi bushi ikawa ya kumomonyoka. Ile inayotokana na polietha hustahimili unyevu vizuri zaidi. Kwa hiyo mtu aliyeko Maskati, Mombasa au Dar es Salaam ana haki ya kumuuliza muuzaji: hii ni ya familia gani? Muuzaji anayetambua swali hilo aghalabu ndiye anayefaa kununuliwa kwake.

Maswali manne kabla ya kununua

Swali la kwanza: kiungo hiki hufanya mwendo gani? Kama ni mzunguko mtupu, una uhuru wa kuchagua. Kama ni mzunguko pamoja na kujinyonga, baki na mpira. Kumbuka pia kwamba baadhi ya bushi za mpira huwa na matundu yaliyoachwa kwa makusudi, ili ziwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Ukiweka kipande kigumu kisicho na matundu, umefuta kazi ya mhandisi.

Swali la pili: gari litatumikaje? Gari la kutembea polepole Jumapili halihitaji bushi za mashindano.

Swali la tatu: chasisi ina hali gani? Chuma chenye kutu hakistahili bushi ngumu.

Swali la nne: thamani ya gari iko wapi? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, huhesabu gari kuwa la kihistoria linapotimiza angalau miaka 30 na kutunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Bushi ni rahisi kuirudisha ilivyokuwa, lakini ukikata au kuchonga sehemu za asili ili bushi mpya ienee, hakuna kurudi nyuma. Zaidi ya hayo, mashirika mengi ya bima hutaka kuarifiwa kuhusu mabadiliko yoyote. Ni vyema kuuliza kabla, si baada ya ajali.

Si lazima gari zima liwe na mali ghafi moja. Waweza kuweka mpira kwenye mikono ya nyuma na poliyurithani kwenye fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Lililo la lazima ni kwamba kushoto na kulia viwe sawa. Gari lenye bushi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili huvuta usukani, na breki za ghafla hudhihirisha kosa hilo wakati ambao hakuna nafasi ya kulisahihisha.

Kufunga kwa usalama

Kazi hii si ya kufanyia mzaha. Gari likae juu ya vigingi imara vya chuma, kamwe si juu ya jeki pekee. Katika gari kama MGB, springi ya mbele imekaa juu ya mikono ya chini ikiwa imebanwa kwa nguvu kubwa. Anayefungua mikono hiyo bila kuishikilia springi na kuishusha taratibu huhatarisha uhai wake.

Wapo mafundi wanaozichoma bushi kuukuu kwa moto ili zitoke. Njia hiyo ni ya haraka, nayo ni ya hatari. Moshi wa mpira ni sumu, na wa poliyurithani ni mbaya zaidi, kwani unaweza kubeba gesi ya sianidi. Ni salama zaidi kutoboa mpira kwa keekee, kisha kulikata bomba la nje kwa msumeno wa chuma, kwa uangalifu, bila kulijeruhi jicho la springi. Wakati wa kuingiza bushi mpya, sukuma bomba la nje, si mpira wala bomba la ndani. Usilainishe mpira kwa mafuta ya injini au grisi ya kawaida. Maji ya sabuni yanatosha.

Na hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Usizikaze bolti za bushi za mpira gari likiwa limening'inia. Ziache zikiwa zimekazwa kwa vidole tu, shusha gari likae juu ya magurudumu yake kwa uzito wake wa kawaida, litikise kidogo, kisha ndipo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Sababu yake ni ile tuliyoitaja mwanzoni: mpira hujipinda. Ukiukaza magurudumu yakiwa yamening'inia, utakuwa umejinyonga tangu dakika ya kwanza gari liliposhushwa, na utabaki hivyo usiku na mchana hadi uchanike. Bushi nyingi zilizolaumiwa kuwa ni mbovu ziliuawa siku ileile zilipofungwa. Baada ya kazi, magurudumu yapimwe upya mwelekeo wake, na bolti zikaguliwe tena baada ya safari chache.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la kale, ufa huo ni bushi. Si lazima achague iliyo ngumu kuliko zote wala ya bei ya juu kuliko zote. Inatosha achague ile inayolingana na mwendo wa kiungo, hali ya chuma, hewa ya mahali anapoishi na safari anazokusudia. Kwa magari mengi na kwa madereva wengi, jibu hilo litakuwa ni mpira mpya, uliotengenezwa vyema na kufungwa kwa subira.